Bei na Bahari: Kumbukumbu za Manahodha katika Ajaib al-Hind

Kitabu kiitwacho Ajaib al-Hind, yaani Maajabu ya Hindi, ni miongoni mwa vitabu vinavyotajwa sana na kusomwa kidogo kila inapozungumzwa historia ya pwani ya Afrika Mashariki. Mwanahistoria huchota humo tarehe mbili tatu, jina la Qanbalu, na habari za pembe na ambari, kisha akakifunga. Mtu wa fasihi naye hukipita kando kwa kudhani kwamba ni mali ya mwanahistoria. Matokeo yake ni kwamba mkusanyo wa visa zaidi ya mia moja, vilivyosimuliwa na watu waliokuwa wakila mkate wao baharini, umebaki kuwa ghala la ushahidi badala ya kuhesabiwa kuwa kazi ya sanaa ya masimulizi. Makala haya yanakusudia kukisoma kwa njia hiyo ya pili, na hasa kukitazama upya kisa kimoja kinachoihusu pwani hii moja kwa moja, nacho ni kisa cha mfalme wa Sofala aliyeibwa na wageni wake.

Kwa desturi kitabu hiki huhusishwa na Buzurg ibn Shahriyar, nahodha wa Ramhurmuz katika nchi ya Uajemi, aliyeishi karne ya 10. Siku za karibuni wako wataalamu walioonyesha sababu za kukitoa mikononi mwake na kukiweka katika mikono ya Abu Imran Musa al-Sirafi, mtu wa zama hizo hizo. Mjadala huo una uzito wake, lakini kwa mhakiki haubadilishi jambo kubwa, kwa kuwa aliyeshika kalamu, awe huyu au yule, alikuwa mkusanyaji. Visa si vyake. Aghalabu kisa kinaanza kwa kumtaja aliyekihadithia, nahodha fulani au mfanyabiashara wa Siraf au wa Oman, na mara nyingine yule ambaye msimulizi huyo alikipokea kwake. Ndiyo njia ya wapokezi wa hadithi za dini, iliyohamishwa kutoka msikitini hadi gatini. Shabaha yake ni ile ile, nayo ni kulipatia neno dhamana ya mtu mwenye jina. Hata ndege mkubwa anayembeba mtu miguuni mwake akamvusha kutoka kisiwani ana mdhamini wake.

Maandishi ya Kiarabu yalichapishwa Leiden kati ya 1883 na 1886 chini ya uhariri wa P. A. van der Lith, pamoja na tafsiri ya Kifaransa ya L. Marcel Devic. G. S. P. Freeman-Grenville alitoa tafsiri kamili ya Kiingereza mwaka 1981. Kabla ya hapo, mwaka 1962, alikuwa amekwisha kuiweka habari ya mfalme wa Sofala katika mkusanyo wake wa nyaraka teule za pwani ya Afrika Mashariki, na humo ndimo wanafunzi wengi wa Nairobi, Dar es Salaam na Makerere walimokutana nayo mara ya kwanza. Mkusanyo ule ulikuwa na faida kubwa, na hapana haja ya kuubeza. Hata hivyo, kisa kilichokatwa na kuwekwa baina ya nyaraka za Wareno na za wasafiri wengine huacha kuwa kisa, kikawa hati. Hutengwa na ndugu zake, na ni kwa kukilinganisha na ndugu zake ndipo mtu hutambua kilicho cha pekee ndani yake.

Sifa moja ya visa hivi humgutusha msomaji anayetazamia kuisikia bahari. Bahari yenyewe haimo kwa wingi. Safari ya mwezi mzima hupita katika sentensi moja: tuliondoka Oman, tukafika mahali fulani. Yanayokumbukwa kwa kirefu ni bandari, na bandarini hukumbukwa bei, ushuru, zawadi iliyotolewa na zawadi iliyorudishwa, hila ya mnunuzi na kiburi cha mtawala. Haikuwa hivyo kwa kuwa manahodha hawa hawakuijua bahari. Waliijua mno, kiasi cha kuiona kama mkulima anavyoiona njia ya shambani mwake. Siku ambayo upepo ulivuma ulivyotarajiwa haina kisa. Kwa mtu wa chombo, kaskazi kumpeleka na kusi kumrudisha ni jambo lisilohitaji kuhadithiwa, na ndiyo maana msomaji wa pwani hukielewa kitabu hiki upesi kuliko wafasiri wake wa Ulaya. Msimulizi asemapo kwamba walikaa miezi kadhaa nchi ya ugenini hatoi sababu, wala msomaji wa Lamu au Pemba haiulizi.

Bahari huingia katika masimulizi pale tu inapoharibu hesabu. Kisa cha Abhara ndicho mfano bora wa hayo, na pengine ndicho kisa kilichosukwa vizuri kupita vyote kitabuni. Abhara alikuwa mtu wa Kirman, mchunga kondoo aliyegeuka mvuvi, kisha baharia, hata akawa nahodha aliyekwenda China mara saba. Nahodha mwingine, Shahriyari, anamkuta baharini katika njia ya China akiwa peke yake ndani ya mashua, na kiriba cha maji, bahari imetulia tuli. Anamwita apande chomboni aokolewe. Abhara anakataa. Asema kwamba walio katika hatari ni wao, na kwamba hatapanda ila alipwe dinari 1,000 na kukabidhiwa amri ya chombo. Watu wa chomboni, wenye mali nyingi na roho nyingi za kupoteza, wanashauriana na kukubali. Mara anapokanyaga sitaha anaamuru shehena nzito itupwe, mlingoti mkubwa ukatwe, amari za nanga zikatwe. Baadaye dhoruba inakuja, na chombo kilichovuliwa kila kitu kinapona.

Ustadi wa kisa hiki uko katika majadiliano ya bei juu ya maji yaliyotulia. Mtu mmoja katika mashua, asiye na chochote, anaiuza elimu yake kwa wenye mali, na mara tu wanapoinunua anawaamuru kuitupa mali yenyewe. Mizani ya bandarini inapinduliwa katikati ya bahari, kwa kuwa kilichokuwa na thamani kimekuwa uzito tu, na kilichokuwa hakina bei, yaani kujua maji hupwa siku gani na upepo hugeuka saa ngapi, kimefika dinari 1,000. Kisa chasema pia kwamba wakati wa kurudi Abhara aliwaonyesha miamba ambako nanga zao zilikuwa zimesalia, wakaenda kwa mashua wakazitwaa. Hapo msimulizi angeweza kuongeza mahubiri. Hakuongeza. Nanga zimeonekana, na wasikilizaji wake, ambao wote walikuwa wamewahi kutia nanga mahali pabaya, walijua maana yake.

Kwa mwanga huo ndipo kisomwe kisa cha mfalme wa Sofala. Msimulizi ni Ismailawayh, nahodha, na mkusanyaji anasema kwamba mabaharia kadhaa waliokuwa naye walikisimulia vilevile. Mwaka 310 wa Hijra, yaani 922 hivi, aliondoka Oman kwenda Qanbalu, mahali ambapo wataalamu wengi hupatambua kuwa Pemba. Tufani ikamsukuma kusini hadi Sofala ya Zanj, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Mabaharia, kwa kuamini kwamba wameangukia mikononi mwa wala watu, wakatawadha na kuombeana kama maiti. Badala ya kifo wakakuta mfalme kijana, mzuri wa sura, aliyewauliza wanakwenda wapi. Wakadai kwamba walikuwa wameikusudia nchi yake. Akawaambia kuwa wanasema uongo, kwamba ni upepo uliowaleta, kisha akawaruhusu kuuza na kununua bila ushuru wala kizuizi. Wakakaa miezi, biashara ikawa njema kupita kiasi, kila zawadi waliyotoa ikajibiwa kwa iliyo bora kuliko hiyo.

Hadi hapa ni kisa cha bandari kama vingine. Siku ya kuondoka mfalme anawasindikiza, anaingia chomboni pamoja na wenzake saba kuwaaga. Hapo Ismailawayh anatufungulia moyo wake, na moyo huo ni daftari. Kijana huyu katika soko la Oman angeleta dinari 30. Wenzake nao wana bei yao. Nguo zao peke yake zina thamani ya dinari 20. Jumla ni faida isiyopungua dirhamu 3,000, bila taabu yoyote. Anatoa amri, tanga linatwekwa, nanga inang'olewa. Mfalme anaona tanga limejaa upepo, anataka kurudi kwenye mitumbwi yake, nao wamekwisha kuzikata kamba.

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kutafuta undani wa mhusika katika mazungumzo yake ya nafsi, na aghalabu hulihesabu jambo hilo kuwa la riwaya ya kisasa. Hapa limo katika masimulizi ya nahodha wa karne ya 10, na limefanywa kwa tarakimu tupu. Ismailawayh hajieleza kuwa mwovu wala hajitetei. Anasoma hesabu. Ni hesabu ile ile ambayo msikilizaji wake wa Oman au Siraf angeipiga kila siku juu ya pembe na ngozi za chui, na kwa sababu hiyo inamshika msikilizaji pia. Anajikuta amejumlisha kabla hajajua anajumlisha nini. Iwapo ufundi huo ulikusudiwa na nahodha, au na mkusanyaji aliyempa nafasi ya kusema hivyo mbele ya watu, ni vigumu kuamua. Kilicho wazi ni kwamba hakuna kisa kingine kitabuni ambamo bei imeruhusiwa kumhukumu aliyeitaja.

Mfalme anasema neno moja la haki, akiwakumbusha kwamba aliwalinda na hakuwataka kitu, kisha ananyamaza. Anawekwa pamoja na watumwa wengine wapatao 200. Safari yote hadi Oman hafumbui kinywa, na msimulizi anasema kwamba alikuwa kana kwamba hawajui na wao hawamjui. Ukimya huo ndio tu unaojaza nafasi ya bahari katika simulizi hii. Tumeona kwamba manahodha huiruka safari isiyo na dhoruba. Hapa pia inarukwa, lakini katika pengo lake ameketi mtu aliyekataa kusema, na kwa mara ya kwanza sentensi fupi ya tuliondoka tukafika inakuwa na uzito usiopimika. Msomaji wa Afrika Mashariki anayeifahamu bahari hiyo kama njia iliyochukua wengi wasiorudi, wala wasioandikwa jina, hana budi kusimama hapo. Wanahistoria wengi hawakusimama. Waliona idadi ya watumwa, wakainakili, wakaendelea.

Miaka kadhaa inapita, tufani nyingine inamtupa Ismailawayh mahali pale pale. Mitumbwi inawazunguka, wanatambuliwa, wanaswaliana tena, wanapelekwa hadi kwa mfalme, na aliyekaa kitini ni yule yule waliyemuuza. Anawapa amani, kisha anasimulia. Hapo ndipo muundo wa kisa unapogeuka. Nahodha aliyeshika usimulizi tangu mwanzo anaukabidhi kwa aliyekuwa shehena yake. Na shehena hiyo ina safari ndefu kuliko ya nahodha: Oman hadi Basra, ambako alifundishwa sala na saumu na sehemu ya Qurani, Basra hadi Baghdad, ambako alikamilisha kusoma na kusema Kiarabu vizuri, na kumwona Khalifa al-Muqtadir, kutoka huko kwa kutoroka na mahujaji wa Khurasan hadi Makka, Makka hadi Misri, kisha kuufuata Mto Nili kusini, akikamatwa na kutoroka, hata akafika kwao. Huko akamwuliza bi kizee habari za mfalme, bila kujitambulisha, akasikia kutoka kinywani mwake kisa chake mwenyewe, na kwamba kiti kiliachwa wazi kwa kuwa waganga walisema yu hai katika nchi ya Waarabu.

Wapo wanaokiona kisa kizima kuwa ngano kwa sababu ya njia hiyo ya Nili, ambayo haimfikishi mtu Sofala. Ni kweli kwamba jiografia yake ni ile ya vitabu vya zama hizo, ambamo Nili ya Misri ilidhaniwa kutoka nchi ya Zanj. Lakini al-Muqtadir alitawala kuanzia 908 hadi 932, na kwa hiyo tarehe zinakubaliana na mwaka 310. Kwa uhakiki wa fani, hata hivyo, jambo linalohusu zaidi ni kwamba karibu njia yote ya kurudi ni ya nchi kavu. Mtu aliyechukuliwa kwa bahari haamini bahari tena. Nahodha husimulia bandari kwa bandari. Mfalme husimulia hatua kwa hatua, njaa kwa njaa, bwana kwa bwana. Kumbukumbu ya mwenye chombo na kumbukumbu ya aliyebebwa na chombo hazina mwendo mmoja, na kisa hiki kimeziweka zote mbili katika mdomo mmoja bila kuzichanganya.

Mwisho wa kisa umesomwa mara nyingi kama sifa ya Uislamu kuenea pwani. Mfalme anawasamehe wageni wake kwa kuwa wao ndio sababu ya yeye kuingia katika dini, na watu wake wameingia pamoja naye. Usomaji huo una msingi katika maneno yenyewe, na hapana haja ya kuupinga kwa jumla. Kosa lake ni kuishia hapo. Mfalme anaendelea. Anasumbuliwa na deni la bwana wake wa Baghdad aliyemtoroka, naye anatamani kumpelekea thamani yake na ziada, ila haoni wa kumwamini, maana waliopo mbele yake ni wenye hila. Anawaambia wawahimize Waislamu waje kwake kama ndugu. Ama kuwasindikiza hadi chomboni, hapana. Msamaha umetolewa na mguu umezuiwa. Yeyote anayekisoma kisa hiki kama habari ya neema iliyotoka katika dhambi hana budi kueleza kwa nini mtu aliyeneemeshwa anabaki ufukoni. Haifai kusahau pia kwamba maneno haya ya msamaha tumeyapokea kwa mdomo wa aliyesamehewa, ambaye alikuwa na kila sababu ya kuyakumbuka vizuri.

Kwa mtaalamu wa lugha kitabu hiki kina mvuto mwingine. Nakhuda, rubban na mu'allim wa Kiarabu cha manahodha ndio nahodha, rubani na malimu wa Kiswahili cha vyombo. Mfasiri wa Kiingereza huwalazimisha wote watatu kuingia katika neno moja au mawili, na tofauti ya madaraka kati ya mwenye amri ya chombo na mwenye elimu ya njia, ambayo ndiyo kiini cha kisa cha Abhara, hufifia. Mfasiri wa Kiswahili hana tatizo hilo. Angeweza kuandika amari, foromali, tezi na omo bila tanbihi hata moja. Taabu yake ingekuwa mahali pengine, katika neno zanj lenyewe, kwa maana hapana neno la Kiswahili linalotaja watu wa pwani hii kwa jicho la aliye nje yao.

Inafaa kutaja kwa ufupi kumbukumbu nyingine mbili za bahari hii hii. Al-Mas'udi, aliyesafiri kutoka Qanbalu hadi Oman mwaka 304 wa Hijra, yaani 916 hivi, aliandika katika Muruj al-Dhahab kwamba miongoni mwa bahari zote alizovuka hakuona yenye hatari kuliko ya Zanj. Kisha, kinyume cha desturi ya manahodha, hakutaja faida. Alitaja wenye vyombo aliosafiri nao, ambao baadaye walizama katika bahari hiyo pamoja na wote waliokuwa nao. Ni kurasa chache, nazo ni za mwanachuoni abiria. Abiria pia alikuwa Alan Villiers wa Australia, aliyepanda jahazi la Kuwait liitwalo Bayan huko Aden mwaka 1938, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akapita Mogadishu, Lamu, Mombasa na Unguja hadi kwenye mikoko ya Rufiji, na kurudi Kuwait mwaka 1939. Kitabu chake, Sons of Sinbad, kilichotoka 1940, kina kitu ambacho Ajaib al-Hind haina: mabaharia wenyewe, walivyokaa katika deni la nahodha naye nahodha katika deni la tajiri, walivyobeba bidhaa zao ndogo za kuuza bandarini, na walivyopakia boriti za Rufiji katika matope na homa. Villiers aliwapenda na kuwatazama kwa makini. Hata hivyo, walichokumbuka wao wenyewe hakukisikia ila kwa kiasi kidogo cha Kiarabu chake.

Upande wa Kiswahili, Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, kwa sehemu kubwa ni wa safari za bara. Sailing from Lamu ya A. H. J. Prins, ya 1965, ni utafiti wa thamani juu ya utamaduni wa vyombo, lakini mwelekeo wake ni wa elimu ya jamii, na hakuwekea masimulizi ya mabaharia nafasi ya sanaa. Majahazi makubwa yaliyokuwa yakiingia Bandari ya Kale ya Mombasa kila kaskazi yalikuwa yamepungua sana ilipofika miaka ya 1970, na wengi walioyasafiria wamekwisha kufa. Waliosalia na wana wao bado wanazo safari za kusimulia, za kutweka, kukweya na kumwaga ngama, ambazo hazikupita katika daftari la nahodha yeyote. Katika kisa cha Sofala watu wa aina hiyo wapo pia. Ndio waliokuwa na Ismailawayh, ndio waliotweka tanga aliposhapiga hesabu yake, na mkusanyaji anakiri kwamba nao walimhadithia. Hakuandika waliloliongeza.